Mazishi Yalitangulia

Daftari la baba lina jalada la kaki,
pembe moja imeliwa na mchwa.
"Handali, uwanja wa shule. Watazamaji mia tatu na ushei.
Upepo mkali. Mkanda umekatika mara mbili.
Petroli lita nne."
Ofisi ya Habari haikutaka zaidi.

Mengine nayajua kwa kuwa nilikuwepo,
miaka minane, nimekalia sanduku la balbu
mbuzi wasije wakalikanyaga.

Shuka lilifungwa, huku kwenye Landrova,
kule kwenye nondo za dirisha la darasa la tatu.
Mikebe ya filamu ilikuwa miwili, imebanduka lebo,
na baba, tochi mdomoni, akaokota mmoja.

Likaanza jeneza.
Gari la kukokotwa, ngoma bila furaha,
na farasi mweusi mwenye tandiko tupu,
buti zimechomekwa ubavuni, kisigino mbele.
Farasi hakutaka kutulia. Alikuwa anatafuta mtu.
Hapo wanawake wa Handali wakaanza kulia,
hawakumjua marehemu, ila kilio walikijua.
Bi Yaledi hakulia. Alikuwa amemzika Nyemo Jumanne,
surua, miaka minne, na koo lake lilikuwa limekwisha.

Mkanda wa pili:
mlango wa ndege ukafunguka,
akatoka yule yule. Mzima. Anapunga mkono.

Sikumbuki kimya kama kile.
Hata jenereta nadhani ilipunguza.
Baba akaona kosa lake, mkono ukawa kwenye swichi.
"Ningezima," aliniambia mwaka aliostaafu,
"lakini ungezimaje?"
Akashika kipaza sauti.
Mtangazaji alikuwa akibwabwaja Kiingereza
ambacho, leo najua, baba hakukielewa hata nusu.
"Mbukwenyi!" akasema Rais kwa kinywa cha baba,
na uwanja mzima ukamwitikia.

Upepo wa Dodoma hauna adabu kwa wakubwa:
ulimvimbisha shavu, ukamkunja kiuno,
ukamnyoosha akapita mlingoti wa bendera.
Akatia saini karatasi moja kwa kalamu kumi na mbili.
"Za nini zote?" mtu akauliza gizani.
"Wino wa kule," baba akajibu, "unakauka upesi kama mvua ya huku."
Wakaja ng'ombe wa Marekani, wanene, wafupi,
na Lemanya mchungaji akasimama kuwahesabu,
kivuli cha kidole chake kikiwatembea mgongoni.
"Hawana nundu! Kiangazi watakula nini?"
Tukamwonea Rais huruma.

Shuka lilipokuwa linakunjwa Bi Yaledi alikuja.
Hakuuliza kama ni kweli.
Aliuliza: "Nani anayepanga upi utangulie?"
"Ni mimi, mama," baba akasema,
na nikaona alivyotamani asingesema.
Alisimama kidogo, akiitazama mikebe,
akaigusa mmoja kwa mgongo wa mkono,
kama unavyogusa paji la mtoto.
Ulikuwa na joto bado.

Mvumi, Chilonwa, Hombolo, mwaka mzima,
Rais alishuka, akapunga, akafa mwishoni
kama serikali ilivyoagiza.
Ila daftari lina mstari huu, Agosti iliyofuata:
"Handali. Mazishi kwanza, kwa ombi la wananchi."

Leo wameniita ofisini, mjini, chumba chenye kiyoyozi.
Kijana mpole anaihamishia mikanda kwenye kompyuta.
Ananipa kadi mbili na penseli:
"Mama, wewe uliiona. Ipi namba moja?"

Namba moja, naandika, ni ndege. Mbili, farasi.
Ndiyo kweli, na kweli lazima iwekwe.
Kijana ananyoosha mkono azichukue.
Subiri, namwambia,
nageuza kadi ya farasi,
naandika nyuma, herufi ndogo:
Handali, kinyume.